Daftari la Kijani

Ghorofa ya chini ya mahakama, Butte, Montana,
ndipo pesa zinapokuja kungoja wenyewe.
Dhamana za walevi wa Jumamosi.
Bei ya nyumba ambayo ndugu wawili waligombea mpaka paa likaanguka.
Fidia ya mjane aliyehama kabla wino wa hukumu haujakauka.

Mimi huandika barua.
Barua huenda, hurudi na muhuri mwekundu: HAYUPO.
Naandika ya pili. Ya tatu naitangaza gazetini,
herufi ndogo kama mayai ya chawa,
chini ya picha ya trekta linalouzwa.
Miaka ikitimia, hakimu anatia sahihi,
na hela zinakwenda Helena, hazina ya jimbo,
ambako zitamngoja mwenyewe milele.
Milele. Neno hilo limo kwenye fomu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.
Hii ina daftari, tena la jalada gumu, la kijani.
Imepotea, na habari zake zote ninazo.

Ukurasa wa themanini na nane: Toivo Harjula, mchimba shaba.
Dola mia nne na kumi na mbili, Februari 1981,
dhamana ya mpwa wake, Eino.
Eino alifika kesini. Tena alishinda.
Mjomba hakuja kuchukua chake.
Labda risiti ilifuliwa pamoja na suruali.
Labda aliona haya kurudishiwa imani kwa noti.

Jana akaja mwanamke, theluji mabegani:
Aune, binti wa Eino. Nikamtolea fomu,
cheti cha kifo, mirathi, kiapo mbele ya wakili
(wakili peke yake angekula mia tatu).
Akazisukuma kando kwa kidole kimoja.
“Sikufuata hela. Nataka kuona alivyoandika jina.”

Fomu ya hilo hatuna.
Nikafungua bahasha. Sahihi imelalia kushoto,
mkia wa j umechana karatasi,
kama ya mtu aliyeandika bila kuvua glavu.
Akacheka kidogo, akaomba nakala.
Nakala ni senti ishirini na tano.
Akaweka dola moja, akatoka.

Nilikimbia mpaka ngazini. Gari lilishaondoka.

Senti sabini na tano.
Nimefungua ukurasa mpya:
Aune, binti wa Eino. Anwani: haijulikani.
Kesho, barua ya kwanza.