Msukaji Hajulikani

Ghala la karafuu la Wete limepigwa chokaa,
limetiwa feni, mataa, na mlango wa vioo,
lakini pua haidanganyiki:
kuta bado zinapumua makonyo.
Kijana wa mlangoni, Massoud, jina liko kifuani,
anakata tiketi.
"Mwenyeji elfu moja. Mgeni elfu kumi."
Mama anafungua fundo la kanga, bila haraka.
"Na mie niliyefagia humu miaka sita,
n'nalipa ya nani?"
Kijana anacheka nusu, nusu nyingine kaizuia.
Tunatoa elfu mbili, yake na yangu.

Vigae vya vyungu vimelazwa juu ya pamba
kama meno ya kwanza ya mtoto.
Mzani wa shaba, umesuguliwa unang'aa.
Mama anausogelea:
"Huu ulikuwa ukiiba ratili mbili kila gunia."
Hilo hawakuliandika.

Kisha picha. Wanawake sita
maji yamewafika mapajani,
wameshika kanga ncha kwa ncha.
WANAWAKE WAKIFUA UFUKWENI.
Mama husoma kwa kidole,
darasa la watu wazima, jioni, kwa taa ya chemli;
akafika mwisho, akarudi mwanzo,
akidhani kosa ni la macho yake.
"Nani anafua kwa maji ya chumvi?"
Feni ndiyo iliyojibu.
"Hawa wanatanda uduvi. Huyu Bimize. Huyu Mwanaidi wa Jadida.
Huyu aliyegeuka simjui,
ila kanga ile mimi nilimwazima."

Nilitaka kucheka. Nilikuwa nimeshafungua mdomo
ndipo nikaona amesimama.

Ndani ya sanduku la kioo, peke yake, dema.
KIKAPU CHA KUBEBEA SAMAKI.
KILIOKOTWA TUMBE. MSUKAJI HAJULIKANI.
Mama akalizunguka mara moja.
Akalizunguka tena, ameinama,
pumzi yake ikiacha ukungu kwenye kioo
na upindo wa kanga ukiufuta.
"Shoto," akasema.

Mjomba Shaame alikuwa mashoto.
Kojani nzima walimcheka:
fito zako zimelala upande wa wendawazimu,
samaki wataingia kinyumenyume.
Basi wakaingia hivyo hivyo, changu, tasi, pono,
na waliocheka wakaja kununua.
Siku moja alikwenda kutegua madema saba.
Yaliokotwa sita. Na mtumbwi.
Haya nayajua tangu utotoni;
yalikuwa yakisemwa jikoni, mgongo umegeuzwa.

"Hajulikani," Mama alilirudia neno
kama anayeonja mchuzi uliolala.

Massoud ni kijana mwema. Alieleza:
kubadilisha maandishi kunataka barua,
barua iende idarani, idara iko Unguja,
na Unguja, bibi, unaijua.
"Kalamu unayo?"
"Ninayo, lakini pale haparuhusiwi kuan..."
"Sitagusa kioo chako."

Mezani kuna daftari la wageni, limepigwa mistari:
jina, utokako, saa ya kuingia, saa ya kutoka, maoni.
Kabla yetu wameandika wengi:
pazuri, pazuri sana, choo kifunguliwe.
Mama akakaa kitako. Ulimi pembeni ya mdomo,
akaikamata kalamu kama sindano ya kushonea nyavu.
Shaame Kombo Hamad.
Kojani.
Saa ya kuingia akamwuliza Massoud, akaandikiwa: saa nne na robo.
Saa ya kutoka akairuka.
Kwenye maoni: *Dema. Si kikapu.*
Akapuliza wino, ingawa ulishakauka.

Mimi sikuandika kitu.

Tulipofika sokoni, akitaka kulipia fungu la dagaa,
alifungua fundo la kanga
na kalamu ya Massoud ikaanguka kwenye ndoo ya samaki.
Muuzaji akaiokota, akaipangusa magamba.
"Ya nani hii?"
"Ya serikali," akasema Mama, akaifunga tena.