Kifungu cha Nne

Sheria imefika mtaani kwetu, Keko Machungwa,
imekunjwa mara tatu ndani ya bahasha ya kaki.
Ina nembo, ina muhuri, ina doa la chai
la mtu aliyeisoma kabla yetu huko wilayani.

Mtendaji Kisanga kaibandika ukutani kwa kiporo cha ugali,
chini ya tangazo la ada ya taka na chanjo ya mbwa.
Tumesimama kuisoma, wanawake wanne,
vidole vina matundu ya sindano.

Sheria ya Kuinua Shughuli Baada ya Maradhi:
jina refu kama doti isiyokatwa.
Asteria anasoma, maana ndiye aliyefika kidato cha nne.
Bupe anarudia polepole, kama mtu anayeonja chumvi.

Mkopo usio na riba. Tumepiga kigelegele kifupi, cha tahadhari.
Miezi sita kabla ya rejesho la kwanza. Chausiku kakaa chini.
Ushuru wa soko kusamehewa mwaka mzima.
Hapo hata muuza vitasa, mambo yasiyomhusu, kasema aa!

Kisha kifungu cha nne:
kikundi kisipungue watu watano.

Watano.

Tulikuwa watano.
Cherehani tano kibarazani kwa Mzee Mkwizu,
ya tano karibu na njia, kwa sababu Mwamvita
alipenda kuona nani anapita na nguo gani imemchosha.
"Mgongo wa shati lile," angesema, "mwezi ujao ni wetu."

Mwaka ule wateja walikatika kama uzi mbovu.
Harusi zikasogezwa, sare za shule zikalala rafuni.
Tukashona barakoa kwa mabaki ya vitenge:
mia tano moja, kisha mia tatu, kisha chukua tu, jirani.
Yeye ndiye aliyesema tuweke tabaka tatu, si mbili.
Yeye ndiye aliyekohoa.
Tulimfukiza kwa mchaichai na mwarobaini
chini ya blanketi, tukihesabu pumzi zake
kama mtu anayehesabu chenji asiyoiamini.

Cheti kimeandika: changamoto ya upumuaji.
Fomu inauliza: Je, kikundi kiliathirika na ugonjwa?
Ambatisha ushahidi.

Nimemwuliza Kisanga, "Huyu wa tano tumlete vipi?"
Kavua miwani, kaifuta kwa ncha ya tai.
Si mtu mbaya; msibani alikuja, jeneza alibeba.
"Fomu haina mahali pa marehemu, dada Sikudhani.
Tafuteni mtu mwingine. Dirisha linafungwa tarehe thelathini."

Mtu mwingine.
Kama kifungo. Kama zipu.

Usiku tumekaa mkekani, fomu katikati.
Bupe kataka tuandike jina lake, tumsainie kwa mkono wa kushoto.
Asteria kasema, hata jela kuna cherehani.
Tumecheka mpaka kicheko kikageuka,
na hakuna aliyemnyamazisha mwenzake.

Ndipo Shomari akabisha hodi, mwanawe, miaka kumi na tisa,
msukuma mkokoteni wa mbao kwa maseremala,
kucha zimeganda vanishi.
Kaweka juu ya fomu mkasi wa mama yake,
ule wenye kitambaa chekundu kwenye mpini.
"Kushona sijui," kasema. "Kubeba najua.
Na madeni yenu yote ameniandikia kwenye daftari."

Asubuhi tumefika ofisini kabla ya mfagizi.
Mstari wa tano kaandika mwenyewe, ulimi nje kama mtoto:
jina la kwanza, Shomari;
jina la kati, pale pa baba, Mwamvita.

Kisanga kaona.
Kainamia karatasi muda mrefu, kisha kakohoa,
na sote watano, bila kupanga, tukarudi nyuma hatua moja.

"Vumbi tu," kasema.

Kagonga muhuri. Wino ulikuwa hafifu.
Kapulizia kidau, kagonga tena.