Sili ya Tatu

Tone la kwanza aliliona Bi Asaa, si mimi.
Nilisimamisha gari kwenye uwanja wake, Kangagani,
nipakie magunia mawili ya karafuu,
akanijia na pembe ya mkeka mkononi:
"Gari lako limenikojolea."
Karafuu ikishanuka mafuta ya difu haiuziki.
Nililipa pishi tatu, sikubishana.

Shaame ana karakana Limbani,
kama bati nne na mnazi uliokatwa ni karakana.
Aliingia chini kwa mgongo, juu ya boksi la friji,
ikabaki miguu na sauti:
"Si injini. Si gia boksi.
Ni difu ya mbele, pale inapopokea propela.
Sili imekufa."

Sili: pete ya mpira, kiganja cha mtoto mchanga.
Alitia alama ya chokaa kwenye flenji,
akaihesabu mizunguko ya nati chini ya ulimi
kama anayevuta uradi,
akaichokoa ya zamani, akaigongea mpya
kwa kipande cha bomba, ko, ko, ko,
akizunguka, asipendelee upande.

Siku tisa.
Ya kumi, sakafuni, sarafu nyeusi.

Sili ya pili ilitoka Unguja kwa meli
imeviringwa gazeti la mwezi uliopita.
Kuingoja, Shaame aliishusha propela ya mbele,
akafunga loki ya kati,
na mimi nikatembea wiki nzima na nusu gari.
Mpando wa Ole, udongo mwekundu, mvua imetoka kupita:
magurudumu ya nyuma yanachimba,
ya mbele yanatazama
kama wakwe kwenye ugomvi wa ndoa.

Nayo ikavuja.
Safari hii mafuta yametoka meupe, chai ya maziwa.
"Imekunywa maji," alisema. Lile bonde la mpunga,
nilipokata njia usiku, difu i moto.
Kisha akanyamaza.
Mtu wa maneno yule. Nikaogopa bei.

Mkasi, mtoto wa dada yake,
alikuwa kwenye beseni la mafuta ya taa akiosha spana.
Hakuinua uso.
"Mjomba, sasa hii inapumulia wapi?"

Hakumjibu. Alirudi chini.
Mkono ukapapasa juu ya difu, jicho lisikofika,
ukafuata kipira chembamba
mpaka kwenye kikofia kisichozidi kifungo cha kanzu.
Kimezibwa.
Si tope la njia. Udongo laini, uliofinyangwa kwa mate,
chumba kimoja kisicho dirisha,
ndani buibui watano waliopooza
na funza mmoja, mnene, amelala.

Nyigu!
Kila nilipopanda mlima difu ilipata moto,
pumzi ikakosa mlango,
ikatoka na mafuta penye mdomo laini.
Sili mbili tulizozitukana hazina kosa.

Nilicheka. Halafu nikamkumbuka kaka yangu Nassor,
tulivyogawana mikarafuu ya baba kwa adabu,
hakuna aliyepaza sauti, chai ikanywewa,
na huu mwaka wa tatu
salamu zetu zinapitia kwa watoto.
Lakini hayo si ya karakana.

Mkasi alichokonoa kwa mwiba wa mdimu.
Difu ikashusha pumzi ndefu
kama mtu anayetua ndoo kichwani.

Sili ya tatu nilitozwa mpira tu.
"Kazi," alisema Shaame, "muulize huyo."
Huyo akataka elfu kumi,
na akazihesabu mbele yangu, mara mbili.

Usiku nililaza boksi chini ya gari.
Asubuhi, jua limeshapanda, nikapiga magoti na kanga yangu.
Kavu. Nililinusa, kwa kutoamini.
Nikainamisha kichwa kutazama na difu ya nyuma:
kuna mtu pale, mwembamba kiuno,
anazunguka zunguka,
amebeba udongo.