Turudishie Yule Kuku

Kibanda changu kiko nyuma ya soko la Arua,
upana wake ni mikono yangu miwili nikiinyoosha.
Nachaji simu, nauza vocha,
najaza nyimbo kwenye kadi ndogo kama ukucha:
kumi kwa shilingi mia tano.
Za Ayikoru natoa saba. Ndizo alizonazo.

Alizirekodi kwao Oli, chumbani mwa mama yake,
simu imelala juu ya debe la unga,
blanketi dirishani lizuie kelele za bodaboda,
gitaa la nyuzi tano, wa sita
ukiwa waya wa breki ya baiskeli.
Hakuzuia kila kitu.
Katika wimbo wa pili mvua inaanza juu ya mabati
kabla yeye hajaanza.
Katika wa nne kuku anaingia, anauliza jambo,
na mama anasema kwa mbali, "Mfukuze, ana matope,"
na Ayikoru anacheka katikati ya neno "mjane",
kisha anaendelea.

Mimi si hakimu wa muziki.
Lakini watu wakirudi kuchaji, wanasema.

Ondoga, apelekaye saruji Juba:
"Nilikwama Kaya siku tatu, ndugu yangu.
Wimbo wa pili ukanyesha, nikapandisha vioo.
Nje jua la kukaanga!
Nikacheka peke yangu kama mwehu."

Muuguzi wa zamu ya usiku
huuweka chini sana, karibu na kitanda namba kumi na moja.
Mgonjwa wa pale hajasema neno tangu Pasaka,
ila kuku akiingia, anageuza shingo.
Hapo tu.

Mzee Obitre wa kwaya, mwenye sikio kali kuliko wembe,
hakusifu.
"Uzi wa tatu umelegea, akaze kidogo.
Na ubeti wa mwisho wa wimbo wa sita ni mwongo:
hakuna anayesamehe upesi hivyo."
Nilifikisha salamu. Uzi aliukaza palepale.
Ule ubeti aliushika kichwani wiki nzima,
kama mtu aliyepewa noti anayoitilia shaka.

Mwingine, simtaji, aliingia amevimba:
"Wimbo wa tano ni mimi. Futa!"
Nikamuuliza, kwani ni wewe uliyeuza mbuzi wa watu?
Akatazama vocha ukutani.
Akalipa mia tano, akaondoka nao.

Mwezi wa nane Ayikoru akaenda studio, Kampala,
kwa pesa ya mkopo.
Akarudi na nyimbo zilezile zimeogeshwa:
nyuzi zote sita za dukani,
sauti inanukia sabuni,
hakuna tone, hakuna unyoya.
"Za zamani futa," akaniagiza.

Wiki haikuisha.
Muuguzi aliweka kadi mezani bila salamu.
"Namba kumi na moja hageuki."
Ondoga alipiga simu kutoka njiani:
"Ile mvua umeipeleka wapi, mwizi wewe?"
Na mtoto wa muuza chapati,
kidevu hakifiki meza,
"Turudishie yule kuku."

Nikamwita. Alikaa juu ya kreti la betri,
nikamsomea yote, na matusi ya Ondoga nikayapunguza.
Nilidhani anamwonea kuku aibu.
"Mama alifariki mwezi wa sita," akasema.
"Wimbo ule nikiusikia,
siwezi kuvuka pale penye matope."

Nilikuwa najua msiba. Nilikula ugali wa matanga yale.
Lakini sikuwa nimeviweka viwili hivi
kwenye kadi moja.

Nikavuta droo, nikatoa simu yenye kioo kilichopasuka.
Nikamwambia ukweli: mimi sifuti kitu,
ni ugonjwa wa kazi.
Zote saba zimo humu. Niwarudishie?

Hakunijibu.
Alifuta vumbi la kioo kwa kidole gumba,
taratibu, akifuata mpasuko.
"Huyo wa namba kumi na moja," akauliza,
"anageuza shingo upande gani?
Wa dirisha, au wa mlango?"

Sikujua.

"Basi kaulize."

Nikafunga kibanda saa nne asubuhi,
siku ya soko.