Kopo Lililobonyezwa

Uliuliza kwenye simu, ukicheka:
huko kwetu kusini kuna baridi gani?
Salio likaisha kabla sijajibu.
Basi jibu ni hili, Asumini.

Mwezi wa sita umeingia Newala na ukungu wake.
Alfajiri unapanda kutoka Shimo la Mungu,
unapita juu ya mikorosho bila salamu,
unaingia kwa Bi Somoe, unaingia kwangu,
unajilaza kwenye shuka kama mgeni
aliyepitisha siku ya tatu
na jembe hajapewa.

Na mkaa umepanda.
Kopo uliliacha mia tano,
likawa mia saba, likawa elfu,
sasa Likanda amelibonyeza kitako
kikaingia ndani kama tumbo la mfungaji.
Nikamwuliza, kopo lako nalo limefunga?
Akacheka, akaniongezea vipande viwili,
kimoja jiwe.

Bei ya gunia siijui.
Gunia ni la wenye pa kuliweka.

Hesabu naziandika nyuma ya daftari la Shaweji:
Jumatatu, maharage. Hapana, nimefuta.
Maharage yanakula mkaa
kuliko sisi tunavyoyala maharage.
Choroko, basi, zilizolala kwenye maji.
Jumanne, ugali na maji ya chai kwa moto mmoja,
chai ikae kwenye chupa hadi asubuhi.
Jumatano, moto wa Bi Somoe, unga wangu.
Alhamisi sijaandika kitu.

Maji ya kuoga yana foleni.
Baba kwanza, kwa ajili ya kifua chake.
Shaweji wa pili, anapiga kelele za bure.
Yanayobaki nayachanganya na ya mtungi
mpaka yanasahau kama yaliwahi kuona moto,
nami najimwagia haraka, nikitaja majina ya Mungu
yote ninayoyakumbuka.

Maganda ya korosho nimeyajaribu, usiniambie.
Yanawaka, siyasingizii,
yanawaka kama mtu aliyetukanwa.
Lakini mafuta yake yaliniruka mkononi,
na moshi ukamshika Baba, akakohoa
hadi jirani akagonga ukuta.
Nikayamwaga nje. Nikalia kidogo.
Shaweji aliponitazama
nikasema ni moshi.

Jiko halilali ndani, hilo nalishika.
Mkaa ukifungiwa mlango huondoka na watu.
Kinacholala ndani ni jiwe,
lile tulilokuwa tukinolea panga.
Nalipasha ubavuni mwa jiko wakati ugali unaiva,
nalifunga kwa ile kanga uliyoniachia,
ambayo maneno yake yamefutika,
naliweka miguuni pa Baba.
Yeye hulikumbatia kwa nyayo, anauliza
huyu paka ameingia saa ngapi.

Wasema kwako unazungusha kidole tu,
moto unachanua, wa buluu, hauna majivu.
Nimefurahi, wallahi.
Gesi hiyo ni ya Msimbati, mtoto wa huku,
imeshika bomba ikaenda zake mjini
bila kupanda mlima wetu kuaga.
Ukiiwasha, isalimie Kimakonde.
Huenda ikaitika.

Usitume pesa.
Au tuma, kwa nini nikudanganye,
lakini ndani yake weka na soksi za Baba,
nene, rangi yoyote.

Jana usiku nilifukia makaa matatu kwenye majivu.
Alfajiri mjukuu wa Bi Somoe akaja na kigae,
meno yanagongana, bibi anaomba moto.
Nikafukua.
Mawili yalikwisha kuwa majivu pamoja na wenzao.
Moja lilikuwa jekundu bado,
dogo, kama jicho la njiwa.
Nikalipuliza, nikampa.
Kisha nikachukua sufuria yangu
nikamfuata.