Kifaa Chako Kimesasishwa

Saa kumi na moja alfajiri, Kizota bado giza,
upepo unafagia vumbi na mifuko ya rambo,
nami nimeshika simu kama mtu anayepima homa ya mtoto.
Mipangilio. Kuhusu simu. Sasisho la mfumo.
Kigurudumu kinazunguka, kinazunguka,
kisha sentensi ileile, na adabu zake:
kifaa chako kimesasishwa.

Lini?
Chini yake, kwa maandishi ya kujificha,
Machi, mwaka juzi.
Machi ile mtoto wa Sechelela hajaanza kutambaa.
Leo anakimbia, ananiibia karanga.

Nilipiga kwa wenye mtandao.
Bonyeza moja, bonyeza tisa, muziki, muziki,
halafu sauti laini kama samli ya Kongwa:
"Dada, hilo linatoka kwa mtengenezaji."
Nikamwandikia mtengenezaji.
Siku ya kumi na mbili akajibu:
"Mpendwa mteja, hilo hutegemea mtandao wako."
Mpendwa! Hata Chedego, aliyenitolea ng'ombe,
hajawahi kuniita hivyo.

Nayo programu ya uwakala haitaki kusikia.
Jumatatu iliniamkia na bango jekundu:
toleo hili halitumiki tena.
Mwalimu Mbeleje alikuja kutoa elfu arobaini, ada ya binti.
Nikamwambia, ngoja kidogo, mwalimu.
Akangoja. Akatazama saa. Akavuka barabara
kwa Ndahani, mwenye simu ya mwaka huu
na kamisheni zangu mfukoni.

Nimelichunguza neno hili, sasisho.
Lina sasa tumboni, mnaiona?
Mimba ya sasa. Miezi inapita,
mkunga yuko nchi za mbali, anasema "hivi karibuni",
na hivi karibuni haimo
kwenye kalenda yoyote niliyowahi kutundika.

Labda sina haki ya kulalamika, mimi wa mji huu.
Mwaka wa sabini na tatu tuliambiwa
makao makuu yanakuja.
Mama akafagia uwanja. Akafagia miaka arobaini na ushee.
Wizara zilikuwa zinapakuliwa,
asilimia moja, asilimia mbili,
wabunge wakija na kuondoka kama mtandao wa Chenene,
mpaka siku moja malori ya mafaili yakapakuliwa kweli,
na mama, fagio limebaki kijiti,
akasema tu: "Hee. Kumbe."

Basi juzi, saa nane usiku, simu ikatetemeka.
Sasisho lipo. Gigabaiti moja na nusu.
Nikanunua bando kwa hela ya unga wa kesho,
nikaiweka dirishani itazamane na Mlimwa,
nikakaa nayo matanga.
Kumi. Ishirini na nane. Arobaini na tatu.
Arobaini na tatu.

Arobaini na tatu.

Wanasema tembo alikuja kunywa hapa,
tope likamshika miguu, akawa anadidimia,
na Wagogo wa siku hizo wakapaita kwa alichofanya:
idodomya, amezama.
Tangu darasa la tatu nimeisikia hadithi hiyo,
sikuwahi kumhurumia yule tembo.
Usiku ule nilimhurumia:
tope magotini, na maji anayaona.

Bando likaisha kabla ya jogoo.
Asubuhi nikauliza tena. Kigurudumu kikazunguka.
Kifaa chako kimesasishwa.
Haya. Hata mimi nimesasishwa hivyohivyo,
na kitenge cha Machi, na deni la Machi.

Nikafungua kibanda, nikapanga vocha.
Ng'ambo ya barabara Ndahani hapungi mkono leo.
Ameiinamia simu yake, kidole hewani, hagusi kitu,
wateja wanne wamesimama.
Siwezi kuona kioo chake kutoka hapa,
lakini ile shingo naijua.