Rangi ya Tano

Mlango ule ule, Barabara ya Kanisa, namba kumi na moja,
bonde la Hesgin, Wales, manyunyu tangu asubuhi.
Mimi Tegwen Probert, mchora vibao,
nimeupaka jina mara nne.

Kwanza Mamlaka ya Ustawi wa Mabonde, herufi za dhahabu;
mgodi ndiyo kwanza umefungwa, wanaume bado wanakohoa makaa.
Kisha Shirika. Kisha Ubia.
Kisha neno refu lililogoma kuenea,
nikalilaza mshazari, likaning'inia
kama soksi iliyosahauliwa kambani.

Kila jina lilikuja na bwana wake na ramani.
Ramanini bonde letu lilikuwa na rangi ya waridi,
maana yake, nikaambiwa, "nyuma, ila lina matumaini."
Wakatujengea jumba la ubunifu, la vioo.
Njiwa wamelipenda.

Heulwen, binti wa dada yangu, akapata kazi
ng'ambo ya kilima, kiwanda cha vifaa vya hospitali.
Zamu inakwisha saa nne usiku.
Basi la mwisho hupita saa kumi na mbili kasorobo jioni.
Akaiacha kazi. Hilo halikuwa na rangi yake ramanini.

Niliuliza mara moja, brashi mkononi:
kwani basi haliwezi kusogezwa?
Bwana wa Ubia akacheka kwa upole:
"Basi ni la idara nyingine. Sahihi iko Cardiff."
Kumbe tulipewa viti, meza ikabaki kwao.

Mwaka huu wanasema ni mageuzi.
Nilienda na kwangulio, sikwenda na imani.
Mlango umenenepa kwa majina, haufungi;
nikaukwangua, Ubia ukadondoka, Shirika likadondoka,
hata ile dhahabu,
hadi mbao yenyewe, nyeupe, yenye harufu.

Ndani walikuwa saba: Mervyn wa mikate,
Hodan mshona mapazia, Iestyn wa karakana, na wengine,
wanagombana hadi barabarani kunasikika.
Fedha haba kuliko za zamani. Nilisikia tarakimu, nikaguna.
Lakini kalamu ilikuwa pale, kati ya vikombe vya chai,
haimsubiri mtu wa treni.

Iestyn akatoka: "Tuandike jina gani?"
Kwanza mtende, nikasema.

Wiki ya tisa, mlango bado mtupu,
nilipita saa nne na robo usiku
nikaona taa mbili zinateremka kilima taratibu,
abiria mmoja, kichwa kimeegemea kioo.
Mmoja tu. Watakuja wenye hesabu waseme ni hasara.

Rangi nimeshanunua.
Kopo sijalifungua.